Njia Aliyoidai Kanali Pope

Kila kunapopambazuka katika visiwa vyetu, kabla jua halijapanda juu ya minazi, barabara huwa tayari zina watu. Watoto wa skuli hutoka majumbani mwao na mikoba yao, wakaufuata ukingo wa lami mmoja nyuma ya mwengine. Mvuvi hufunga tenga la samaki nyuma ya baiskeli yake, akaharakisha kuuwahi mnada. Muuza mikate hupita na sanduku lake, mkulima na mihogo yake, na akina mama wanaolima mwani hushuka pwani kwa miguu maji yanapokupwa. Watu hawa hawana honi wala taa kali. Gari moja inapotokea mbele na nyengine nyuma, wao ndio wanaotakiwa kushuka mchangani. Na pale ambapo hapana mchanga bali pana mtaro, basi hushuka mtaroni.

Jambo hili tumelizoea mno hata hatulioni tena kuwa ni jambo. Lakini kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza mwezi wa Julai, waheshimiwa wawakilishi wetu hukaa kuyapitia makadirio ya matumizi ya fedha za umma, na barabara huwa na fungu lake katika makadirio hayo. Kwa sababu hiyo tumeona leo tuwasimulie wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa kalamu ya kuidhinisha fedha hizo, maisha ya mtu mmoja aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita katika nchi ya mbali. Mtu huyo alipigania barabara za watu wote, akazipata, kisha watu aliowapigania wakasukumwa pembeni. Namna jambo hilo lilivyotokea ina mafunzo makubwa kwetu.

Albert Augustus Pope alizaliwa tarehe 20 Mei, 1843, katika mji wa Boston, jimbo la Massachusetts, nchini Marekani. Jina la jimbo hilo huenda likaonekana geni kwa baadhi yetu, lakini athari zake hapa si ngeni. Miaka 10 kabla ya kuzaliwa kwake, yaani mwaka 1833, Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na kutoka bandari ya Salem, iliyo jirani na Boston, merikebu zikawa zinakuja Unguja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, na kutuletea kile kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikiita merikani. Kwa hivyo huko alikozaliwa Pope ndiko kulikotoka sehemu ya mavazi ya wazee wetu.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa na uwezo, lakini mambo yakamwendea kombo Albert akiwa bado mdogo, na nyumba iliyokuwa na neema ikaingia katika dhiki. Mtoto yule hakupata masomo marefu. Alifanya vibarua katika mashamba ya majirani huko Brookline, kisha akawa ananunua matunda na mboga kwa wakulima na kuziuza nyumba kwa nyumba. Alipokua kidogo aliajiriwa sokoni, na baadaye katika duka lililouza vifaa vya mafundi viatu. Tunayataja haya kwa sababu mtu huyu, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa viwanda, aliijua njia ya matope kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kuijua kwa kitabu.

Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto nchini Marekani baina ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyong'ang'ania utumwa, Pope alijiunga na jeshi la Kaskazini akiwa na umri wa miaka 19. Alikuwa afisa wa cheo cha chini katika kikosi cha 35 cha askari wa miguu cha Massachusetts. Aliyapitia mapambano makali, yakiwemo yale ya Antietam na Fredericksburg, na vita vilipokaribia kumalizika mwaka 1865 alitunukiwa cheo cha heshima cha luteni kanali. Tangu siku hizo mpaka kufa kwake watu walimwita Kanali Pope.

Aliporudi kwao hakungoja kubebwa na sifa za vita. Alianzisha biashara yake mwenyewe ya vifaa vya viatu, akafanikiwa, na alipofika umri wa miaka 30 na kitu alikuwa mtu mwenye mali ya kutosha. Laiti angeridhika hapo, pengine leo tusingekuwa na sababu ya kulitaja jina lake.

Mwaka 1876 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Philadelphia kuadhimisha miaka 100 ya uhuru wa Marekani. Miongoni mwa vitu vilivyoonyeshwa vilikuwemo baiskeli kutoka Uingereza. Hazikuwa kama hizi tunazozijua sisi. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa, likifika kifuani mwa mtu mzima, na la nyuma lilikuwa dogo mno; mpandaji alikaa juu kabisa, miguu yake ikizungusha pedeli zilizofungwa katika gurudumu lenyewe, na jiwe dogo tu njiani lilitosha kumrusha kichwa mbele. Pope aliziangalia kwa mshangao na udadisi. Mwaka 1877 akaunda kampuni na kuanza kuziagizia baiskeli kutoka Uingereza. Mwaka uliofuata akaenda Hartford, katika jimbo la Connecticut, kwenye kiwanda kilichokuwa kikitengeneza cherehani, akakiagiza kimtengenezee baiskeli 50. Hizo ndizo zilizoitwa Columbia, na ndizo zilizofungua njia ya utengenezaji wa baiskeli kwa wingi nchini Marekani.

Hapana haja ya kumpamba marehemu kwa sifa asizokuwa nazo. Pope alikuwa mfanyabiashara mkali. Alinunua hati za haki za uvumbuzi, ikiwemo ile ya Mfaransa Pierre Lallement ya mwaka 1866, kisha akawatoza ada watengenezaji wenzake waliotaka kuunda chombo hicho. Baiskeli zake za mwanzo zilikuwa ghali kiasi cha kumpita mfanyakazi wa kawaida, na waliozipanda walikuwa hasa vijana wa mijini wenye nafasi zao. Lakini uchu wa biashara ulimfunza jambo moja ambalo viongozi wengi wa zama zake hawakuwa wameliona: chombo cha kusafiria hakina maana pasipo njia, na njia haiwezi kujengwa na mtu mmoja.

Taabu ya kwanza iliyowakabili wapandao baiskeli ilikuwa ni haki ya kupita. Miji mingi iliwapiga marufuku katika barabara na bustani zake, kwa hoja ya kwamba walitisha farasi. Tarehe 31 Mei, 1880, wapandaji kutoka sehemu mbalimbali walikutana Newport, mji uliojengwa kisiwani katika jimbo la Rhode Island, wakaunda umoja wao wa taifa, na Pope na watu wake walikuwa miongoni mwa waliousimamisha. Mwaka 1881 wapandaji watatu waliingia kwa makusudi katika Central Park, ile bustani kubwa ya umma ya New York iliyokuwa imewakataza, ili wakamatwe na shauri lifike mahakamani. Pope alitoa maelfu ya dola kugharimia kesi hiyo. Walishindwa. Hata hivyo hawakukata tamaa, na mwaka 1887 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyozuia wapandao baiskeli wasifungiwe njia za umma ambazo vyombo vyengine viliruhusiwa kupita. Hivyo walipata haki ya kupita. Lakini haki ya kupita katika tope si haki kubwa.

Na hapo ndipo ilipokuwa taabu ya pili, nayo ilikuwa kubwa zaidi kuliko ya kwanza. Nje ya miji, barabara za Marekani wakati ule zilikuwa mbovu kupita kiasi. Mvua iliponyesha, gari ya farasi ilizama mpaka kwenye ekseli, na mkulima alikaa na mazao yake yakiharibika kwa kukosa njia ya kuyafikisha stesheni. Sababu yake haikuwa uvivu wa watu bali mpango mbaya. Katika sehemu nyingi matengenezo ya barabara yaliachiwa wanavijiji wenyewe, ambao walilipa kodi ya njia kwa kufanya kazi siku chache kila mwaka. Walikuja na majembe, wakatupa udongo katikati ya barabara, wakazungumza, wakarudi makwao; na mvua ya kwanza ikauchukua udongo wote. Serikali za majimbo hazikutoa kitu, na serikali ya taifa haikutoa kitu.

Kanali Pope alilivalia njuga jambo hili. Alitoa hotuba mbele ya wafanyabiashara na wahandisi, akachapisha vitabu vidogo vidogo na kuvigawa, akawaandikia wabunge, magavana na wahariri wa magazeti. Alichangia fedha ili uhandisi wa barabara usomeshwe katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, kwani aliona kuwa hata fedha zikipatikana hazitafaa kitu bila ya watu wanaojua kuzitumia. Umoja wa wapandao baiskeli nao, mwanzoni mwa mwaka 1892, ulianzisha jarida maalumu la kupigania barabara nzuri.

Upinzani haukukosekana. Wakulima wengi waliwatilia shaka watu hawa wa mjini. Waliona kuwa vijana wenye baiskeli za fahari wanataka kuwatwisha wao mzigo wa kodi ili wapate pahala pa kutembelea siku ya mapumziko. Shaka hiyo haikuwa bila ya msingi. Ilibidi Pope na wenzake wajifunze kusema lugha nyengine: waonyeshe kwamba mkulima ndiye anayepata hasara kubwa zaidi kwa njia mbovu, na kwamba gharama za barabara hazifai kuwekwa mabegani mwa wale wanaokaa kando yake peke yao, bali zigawiwe jimbo zima na taifa zima, kwa kuwa taifa zima linakula kinachopita juu yake.

Polepole hoja hiyo ilishika. Mwaka 1891 jimbo la New Jersey lilipitisha sheria ya kuzisaidia wilaya zake kwa fedha za jimbo katika ujenzi wa barabara. Mwaka 1893 Massachusetts, jimbo lake Pope, liliunda tume ya kudumu ya barabara. Mwaka huo huo yalikusanywa maombi yenye sahihi za watu wapatao 150,000, wakilitaka Bunge la Marekani liunde idara ya barabara. Karatasi zake zilikuwa nyingi hata zikavingirishwa juu ya gurudumu kubwa la mbao, nazo zimehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za taifa hilo mjini Washington. Na mwaka huo huo wa 1893, ndani ya wizara ya kilimo, ilianzishwa ofisi ndogo ya kuchunguza mambo ya barabara. Ilipewa dola 10,000 kwa mwaka na watumishi wachache mno, na haikuruhusiwa kujenga hata hatua moja ya njia. Kazi yake ilikuwa ni kuchunguza na kuelimisha. Lakini kutokana na ofisi hiyo ndogo ndipo ilipokuja kukua idara kubwa inayosimamia fedha za barabara za Marekani. Anayedharau fungu dogo lililoandikwa vyema katika makadirio na aitazame historia hii.

Wakati huo huo baiskeli yenyewe ilikuwa imebadilika. Kufikia mwaka 1885 kulikuwa na baiskeli ya magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, yenye mnyororo, iliyoundwa Uingereza. Na mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hati ya uvumbuzi wa mpira uliojazwa upepo. Chombo kilichokuwa cha hatari kikawa chombo cha kila mtu. Wanawake wakakipanda, makarani wakakipanda, na katika miaka ya kilele cha 1890 viwanda vya Marekani vilitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Hartford ukawa mji wa viwanda vya Pope, naye akautolea mji huo ardhi ya bustani ya watu kupumzika, ambayo ingali inaitwa kwa jina lake.

Katika kipindi hicho zilianza pia kujengwa njia mahsusi za baiskeli. Mwaka 1894, huko Brooklyn, ilifunguliwa njia ya baiskeli kando ya barabara kuu iendayo Coney Island, na watu walifurika siku ya ufunguzi. Katika wilaya nyingi za jimbo la New York zilijengwa njia nyembamba za kokoto na majivu pembeni mwa barabara za matope. Njia hizi zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa na kasoro moja iliyojificha: nyingi kati ya hizo hazikujengwa kwa fedha za umma. Zilijengwa kwa michango ya wapandaji na kwa ada ndogo waliyolipa ili wapewe kibati cha kubandika kwenye baiskeli. Zilikuwa ni mali ya shauku ya watu, si wajibu wa serikali. Shauku ilipopoa, michango ikakauka, na majani yakaota.

Na shauku ilipoa upesi. Kufikia mwaka 1897 soko lilikuwa limejaa, bei zikaanguka, na viwanda vikaanza kufungwa. Mwaka 1899 Pope alishiriki katika kuunganisha makampuni zaidi ya 40 ya baiskeli kuwa kampuni moja kubwa, lakini mwaka 1902 kampuni hiyo ikafilisika. Tayari alikuwa ameingia katika utengenezaji wa magari, akianzia na yale yaendayo kwa umeme tangu mwaka 1897, na baadaye ya petroli yaliyobeba jina lake. Hakupata tena nguvu zake za zamani. Mwaka 1907 kampuni yake ilishindwa kulipa madeni, na tarehe 10 Agosti, 1909, Kanali Pope alifariki nyumbani kwake Cohasset, pwani ya Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 66.

Wasomaji watatuuliza ni wapi mtu huyu alipokosea. Sisi tunaona kuwa alikosea pahala pamoja, na wenzake wote walikosea pamoja naye. Walidai barabara nzuri. Hawakudai nafasi ya mwenye baiskeli na mwenye kwenda kwa miguu katika barabara hizo. Kwao wao jambo hili halikuhitaji kusemwa, kwani ni nani aliyekuwa akizidai barabara hizo kama si wao? Waliamini kuwa njia ikishakuwa nzuri kila mtu atapata haki yake. Kumbe njia isiyotaja wenyewe huchukuliwa na mwenye nguvu.

Mwaka 1916, miaka 7 baada ya kufariki Pope, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyasaidia majimbo kujenga barabara, na kutenga dola milioni 75 za kutumika kwa muda wa miaka mitano. Kile alichokidai kwa zaidi ya miaka 20 sasa kilikuwa sheria. Lakini kufikia wakati huo magari yalikuwa yamekwisha jaa. Barabara zikapanuliwa kwa ajili ya magari, kona zikanyooshwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, na mtoto aliyekuwa akicheza au kupita njiani akaonekana kuwa ndiye mkosaji. Njia za baiskeli za zamani zilimezwa na lami. Wazee wa siku hizi wa mali husema kuwa mali bila daftari huisha bila habari, na haki ya njia nayo ni mali. Waendao kwa miguu na wapandao baiskeli hawakuandikwa daftarini, na haki yao ikaisha bila ya habari.

Ilichukua miaka mingi kuirudisha. Mwaka 1971 jimbo la Oregon lilipitisha sheria iliyotaka kila barabara inayojengwa au kujengwa upya kwa fedha za barabara za jimbo iwekewe njia ya miguu na ya baiskeli, na kwamba isipungue asilimia 1 ya fedha hizo inayotumika kwa kazi hiyo. Mwaka 1991 sheria ya taifa ya usafiri nayo ikafungua mlango kwa fedha za serikali kuu kutumika katika njia hizo. Asilimia 1 ni kidogo. Lakini ni kidogo kilichoandikwa, na kilichoandikwa huweza kudaiwa, kukaguliwa na kuongezwa.

Sasa turudi kwetu. Visiwa vyetu havikuanza na magari. Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, ulijengwa kwa kipimo cha binadamu anayetembea. Vichochoro vyake ni vipana kiasi cha watu wawili kupishana na kupeana salamu. Katika mashamba ya Unguja na Pemba baiskeli imekuwa mguu wa pili wa mkulima, mvuvi, mwalimu na fundi. Kwa hivyo tunapoisemea njia ya miguu na ya baiskeli hatusemei jambo la kuigwa ugenini wala starehe ya wageni wanaokuja kutalii. Tunawasemea wenyeji wenyewe wa njia.

Hatuipingi barabara ya lami, na wala hatumpingi mwenye gari. Barabara nzuri hufikisha mgonjwa hospitali na karafuu bandarini, na nchi isiyo na barabara ni nchi iliyofungwa mikono. Tunalolisema ni kwamba kila barabara inapotengenezwa vizuri mwendo wa vyombo vya moto huongezeka, na yule aliyekuwa akipita kwa salama katika njia ya mashimo hujikuta katika hatari kwa sababu ya wema aliofanyiwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapandao baiskeli na wapandao pikipiki. Hao ndio wasio na bati la kuwakinga. Kadhalika, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake jirani yetu Nairobi, mwaka 2016 lilizishauri nchi zitumie angalau asilimia 20 ya fedha zao za usafiri kwa ajili ya watembeao kwa miguu na wapandao baiskeli. Baina ya asilimia 1 ya Oregon na asilimia 20 ya ushauri huo pana nafasi kubwa ya kuanzia.

Kwa heshima zote, basi, tunawaomba wahusika mambo manne. La kwanza, fedha za njia za miguu na baiskeli ziwe na kifungu chao wenyewe katika makadirio, zisifichwe ndani ya fungu la barabara kwa jumla, ili mwakilishi aweze kuuliza zimetumikaje na mkaguzi aweze kujibu. La pili, njia hizo ziingizwe katika michoro na mikataba tangu mwanzo, kwani kumega ardhi pembeni mwa barabara baada ya nyumba na maduka kusimama ni gharama kubwa na ugomvi mkubwa zaidi. La tatu, kazi ianzie pale penye watoto na wanyonge: mbele ya skuli, hospitali, masoko na madiko, kwa kuweka vivuko vinavyoonekana, matuta ya kupunguza mwendo na mitaro iliyofunikwa. La nne, liwepo fungu la matengenezo, kwani njia ya miguu iliyojaa kifusi, mchanga na magari yaliyoegeshwa si njia bali ni jina la njia.

Kwa upande wetu wananchi nao hautukosi wajibu. Tusiifanye njia ya miguu kuwa dirisha la duka. Tusiache baiskeli bila ya breki na bila ya taa usiku. Na mwenye gari akumbuke kwamba akishuka garini, yeye naye ni mwendao kwa miguu.

Kuna watakaosema kuwa fedha ni chache na mahitaji ni mengi, na kwamba mwenye baiskeli halipi kodi ya barabara. Tungependa kuwakumbusha kuwa anayenunua sukari, kibiriti na sabuni anachangia hazina ya umma sawasawa na mwengine, na kila kipande cha lami kilichonunuliwa kwa hazina hiyo kina sehemu yake. Hatoi kidogo ila kwa kuwa anacho kidogo, na yeye ndiye anayeitumia barabara hiyo kwa wepesi kuliko wote, bila ya kuichimba wala kuibomoa.

Kanali Pope alikuwa na mali, cheo, gazeti na umoja wa maelfu ya watu nyuma yake, na bado haki aliyoipigania ilipotea kwa sababu haikuandikwa. Mtoto wa skuli anayeufuata ukingo wa barabara asubuhi hana hata kimoja kati ya hivyo. Anacho kitu kimoja tu, nacho ni kalamu iliyo mikononi mwa waheshimiwa watakapokaa kuyapitia makadirio. Tunawaomba wamwandike.